Dawa ya Kupe Kwenye Ubao wa Kata

Siku hizi wasomi wa sheria wanaandika sana kuhusu miliki bunifu. Mimi huwasoma. Nina simu kubwa, nina miwani niliyonunua kwa fedha yangu, na kila asubuhi kabla ya chai napitia makala mbili tatu, za kwetu na za nje. Mmoja anauliza kama maarifa ya jadi yanaweza kuwa na mwenyewe. Mwingine anauliza kama kampuni yenye kompyuta inayosoma kila kilichobandikwa mtandaoni imepata haki ya kukitumia, au imesoma tu. Wanagombana kwa adabu, kwa tanbihi ndefu. Nami nasoma huku natikisa kichwa, kwa sababu swali hilo nililiona kwa macho yangu hapa Bariadi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, limebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo kwenye ubao wa matangazo wa kata. Aliyelibandika ni mimi.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana vijana wa leo hawajui. Nilitoka kijijini kwetu na shati la shule na ndala zisizofanana. Dar es Salaam nilibeba magunia Kariakoo, nikauza mitumba, nikalinda ghala la mbolea, na jioni nikaenda darasani nikinuka jasho katikati ya watoto wa makarani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Stashahada ya sheria niliipata kwa kichwa changu na miguu yangu. Siku niliyopewa cheti nilikitia kwenye fremu ya kioo, nikasafiri nacho kwa treni hadi Shinyanga na kwa basi hadi Bariadi, nimekipakata mapajani safari nzima. Abiria mwenzangu aliniuliza kama ni picha ya marehemu. Nikamwambia ni picha ya aliye hai.

Nilipanga chumba Somanda, mlango ukitazama barabara. Nikaweka meza, mashine ya kuchapa, karatasi za kaboni, na droo yenye kufuli ambayo ufunguo wake niliuvaa shingoni. Juu ya mlango niliandikisha: USHAURI WA SHERIA, MIKATABA, BARUA ZA AINA ZOTE. Wakati ule hapakuwa na mtu mwingine mtaani kwetu aliyeondoka bila kitu akarudi na karatasi kama yangu. Watu wakaanza kuniita Mwanasheria. Sikuwasahihisha.

Kazi ilikuwepo. Ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake wa pamba. Msimu ukifika yalikuja malori ya wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, na kila mkulima alitaka barua ya kulalamikia mizani ya mtu. Lakini kilichowauma watu zaidi ni majosho. Zamani serikali ilitia dawa, ng'ombe wakatumbukia, kupe wakafa. Sasa tuliambiwa huduma ni za kuchangia, na josho la kijijini kwetu likakauka hadi mbuzi wakawa wanalala ndani. Dawa ya kuogeshea ikawa kitu cha dukani, na bei yake ilimfanya mtu airudishe chupa rafuni polepole kana kwamba ni yai. Ndama wakaanza kufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe.

Hapo ndipo sifa ya sengi wangu ilipopanda. Sengi ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba. Yeye alikuwa na dawa ya kupe. Alipika majani, mizizi na vitu vingine viwili, na kilichotoka kilikuwa cheusi, kizito kama uji wa ulezi, chenye harufu inayokufuata hadi kanisani. Ukimpaka ng'ombe masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele, kupe hawamsogelei kwa siku kadhaa. Watu walitoka hadi Lamadi, kule ziwani, na madumu yao juu ya baiskeli.

Dawa hiyo sengi aliinunua. Hili lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililobeba mambo yote. Kwetu Usukumani dawa ina mwenyewe, na mwenyewe huiuza. Dawa iliyopikwa ni jambo dogo, mtu anaondoka na dumu lake akapake ng'ombe. Biashara kubwa ni ile ya kuuza haki ya kuijua, kuipika, na kumuuzia mwingine. Mnunuzi analeta mnyama au kuku, kwa makubaliano, anakaa chini, anafundishwa kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeambiwa bila kununua amesikia maneno. Dawa si yake, na watu hawaiamini ikitoka mikononi mwake. Sengi aliinunua akiwa mke kijana, kwa bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, kwa mtamba ambaye mumewe alimtoa baada ya kunung'unika wiki nzima.

Na alishaamua itakwenda kwa nani. Binti yake, binamu yangu, alikuwa amerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda. Mashamba ya pamba kaka zake walikwisha kugawana. Kilichobaki cha kumlisha yeye na wanawe ni ile sufuria nyeusi.

Siku moja ya mnada walikuja ofisini wote wawili. Sengi alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama cheti changu ukutani kwa muda wa kutosha.

"Mwangaluka, baba," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu utoto.

"Mwangaluka, sengi. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Isipokuwa mwenye duka."

Mwenye duka huyo aliuza pembejeo mjini: mabomba ya kunyunyizia, mbegu, dawa za mifugo. Alikuwa Mwislamu mpole mwenye asili ya mbali, aliyezaliwa hapa na aliyejua Kisukuma kuliko padri wetu. Mimi na yeye tulikunywa kahawa benchi moja.

"Anataka nini?" niliuliza.

"Anataka mama amfundishe," alijibu binamu yangu. "Apike kwenye mapipa, atie kwenye chupa, abandike karatasi yenye picha ya ng'ombe. Mama kakataa. Akamwambia, mama, usiponiuzia mimi atakuja mtu wa Mwanza aiandikishe, na siku hiyo utashtakiwa kwa kupika dawa yako mwenyewe."

"Alisema kwa kutisha?"

"Alisema kwa huruma. Ndiyo maana tuko hapa."

Sengi akanyoosha kidole kwenye fremu. "Wewe ulikwenda kusomea karatasi. Nitengenezee karatasi. Iseme hii ni yangu, na baada yangu ni ya huyu."

Nitakuwa mkweli. Katika stashahada yangu miliki bunifu tulifundishwa jioni moja tu, saa mbili, na nusu ya kipindi umeme ulikatika. Lakini daftari nilikuwa nalo. Nikalifungua mbele yao kwa madaha na kuusoma mstari nilioupigia mistari miwili: anayetaka sheria imlinde lazima akieleze alichobuni kwa ukamilifu. Kwamba anamweleza msajili kwanza, na si ulimwengu, mwalimu nadhani alilisema gizani. Gizani sikuandika.

"Lazima niandike yote," nikasema.

"Yote?" Binamu yangu alinitazama. "Na hiyo karatasi itakaa wapi, kaka?"

"Kwenye droo hii. Ufunguo huu hapa."

Sengi akaniuliza, "Unanunua?"

Nikacheka. "Sengi, mimi si mteja. Mimi ni mwanasheria wako."

Yeye hakucheka. Akasema, "Wewe ni mtoto wa kaka yangu," kama mtu anayejihakikishia, na akaanza kueleza. Niliandika kila neno. Walipoondoka nikachapa: ukurasa mmoja na nusu, vipimo kwa vikombe na debe, hatua zimepewa namba, na chini kabisa saini yangu na stashahada yangu. Ilikuwa hati nzuri. Hata leo nasema ilikuwa hati nzuri.

Lakini karatasi bila mhuri kwetu ni ya kufungia maandazi. Kesho yake nilikwenda kwa mtendaji wa kata, ambaye tulisoma naye shule ya msingi na hakukubali kamwe kwamba nimempita.

"Mwanasheria! Leo umeleta kiwanja au mirathi?"

"Dawa ya kupe."

"Bwana mifugo yuko chumba cha pili."

"Umiliki wake. Nataka mhuri kwamba ni ya sengi wangu."

Akaweka kalamu chini. Nilimwona akitafuta kichwani mwake utaratibu wa jambo hilo na kukuta hakuna. Alichokuwa nacho ni utaratibu wa viwanja.

"Kiwanja," alisema, "tunabandika tangazo siku ishirini na moja. Mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza, nagonga."

"Basi tubandike. Dawa ya kupe ya mama fulani wa kijiji fulani."

"Haitoshi. Mtu atapingaje asichokijua? Kiwanja unaandika mipaka yote minne. Kaskazini fulani, kusini barabara. Hii dawa yako mipaka yake ni ipi?"

Naomba msomaji asimcheke. Lilikuwa swali la akili, na wasomi ninaowasoma leo wanalirudia kwa maneno marefu: ukimpa mtu miliki ya kitu kisichoshikika, umma utajuaje inapoanzia na inapoishia? Nililielewa palepale. Mipaka ya dawa ni mapishi yake. Kama kuna mtu mwingine Bariadi mwenye dawa hiyohiyo, atajuaje aje apinge asipoona majani gani na mizizi gani? Tena nilikuwa najivunia kazi yangu ya kuchapa. Nikatoa nakala ya kaboni, mtendaji akaandika TANGAZO juu kwa kalamu nyekundu, tukaipaka gundi pamoja. Nakala ya kwanza ilibaki kwenye droo, imefungwa, kama nilivyoahidi.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya gulio. Nilipita pale ofisi ya kata nikakuta watu wamejazana mbele ya ubao kama siku ya matokeo ya mitihani. Mwalimu mstaafu alikuwa mbele, anasoma kwa sauti na kuwatafsiria kwa Kisukuma wasiojua kusoma. Wengine waliandika kwenye vipande vya mfuko wa saruji.

"Rudia hapo kwenye mizizi, mwalimu."

"Vikombe viwili. Vya chai, si vya uji."

"Aliyeandika hii ni msomi gete, wa kweli. Hata mke wangu hanielekezi hivi."

Nilisimama nyuma, mikono mgongoni. Niliridhika. Pingamizi hakuna hata moja, na kazi yangu inasifiwa na kata nzima. Ndipo nikamwona binamu yangu akipenya katikati ya watu na kapu la mchele kichwani. Alisoma mstari wa kwanza, akaruka hadi saini yangu. Alikuja hadi nilipo, akatua kapu.

"Kaka, umebandika mali ya mama ukutani."

"Ili wajue ni ya kwake."

"Sasa wanajua ni ya kwake. Na wanajua inavyopikwa." Hakupandisha sauti. "Mimi nitauza nini?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani na mahakimu na wakuu wa idara, na yote nimeyajibu. Hilo nililikimbia. Nilikwenda ubaoni nikaichana karatasi, na mzee mmoja akanikemea: "Wewe! Hilo ni tangazo la serikali, siku hazijaisha."

Wiki ile nilipanda basi hadi Mwanza kwa wakili niliyefahamiana naye Dar, mtu mwenye shahada kamili. Nilimweleza kana kwamba ni kosa la mteja. Akasikiliza, akasema, "Siri ni mali kama ikibaki siri. Hataza inatolewa kwa kitu ambacho umma haujakijua. Huyo mteja wako amefungua mlango, ameita watu, amewaonyesha hadi kitanda, sasa anataka kufunga chumba. Sheria haina la kumsaidia." Kisha akanitazama. "Tangazo alibandika nani?" Nikasema ni mtendaji. Nusu yake ilikuwa kweli.

Leo wapo wasomi wanaosema sheria ile iliandikwa kwa ajili ya viwanda na haikumwona mtu kama sengi. Wapo wanaosema kinyume, kwamba kilicho wazi ni cha wote na ni heri hivyo, maana ujuzi ukifungiwa ndama wanakufa. Mimi siwezi kuwaita wezi wale waliokuwa na vipande vya mfuko wa saruji. Niliwajua. Wengine walikuwa wamezika ndama watatu mwaka ule. Lakini niliijua pia ile sufuria moja na watoto wawili waliokuwa wanaitegemea.

Nilikwenda kwa sengi kwa baiskeli. Alikuwa uani anapasua viazi vitamu vya michembe, na binti yake anaanika juu ya paa la kibanda. Nilieleza yote, na safari hii sikusema mtendaji.

"Waliosoma ni wengi?" sengi aliuliza.

"Wengi."

"Aliyenunua?"

"Hakuna, sengi. Iko wazi sasa. Wakili amesema hata mahakamani hatuwezi…"

"Nimekuuliza aliyenunua."

"Hakuna."

"Basi wamesoma," alisema, akaendelea na viazi.

Nilidhani ni faraja ya mtu mzima asiyetaka kunivunja moyo. Binamu yangu alidhani hivyohivyo. "Mama, mwenye duka ameinakili kwa mkono wake mwenyewe. Yeye si mtu wa huku, haogopi kununua wala kutonunua. Ameshanunua chupa." Ilikuwa kweli. Zilikuwa dukani kwake ndani ya mwezi.

Nilikaa siku nyingi bila kwenda kijijini. Wateja walikuja, nikawachapia barua zao, lakini kila nilipofungua droo niliiona ile nakala ya kwanza, salama kabisa.

Nilipokwenda tena nilimkuta mgeni uani, mchuuzi wa samaki kutoka Lamadi. Jogoo alikuwa ananing'inia kwenye usukani wa baiskeli yake, miguu imefungwa. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kipande cha mfuko wa saruji, na nikaona maneno yangu mwenyewe yamenakiliwa kwa penseli.

"Nimesoma tangazo," alikuwa anamwambia sengi. "Nimeandika yote. Nimekuja kununua."

Nikaingilia. Ni tabia yangu. "Bwana, unanunua nini wakati unayo mfukoni?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza kwa nini unabisha hodi mlango ukiwa wazi. "Nimeisoma. Sijapewa. Nikimpaka ng'ombe wa jirani akafa, nitasema nilipewa na nani? Na ubao?"

Sengi akapangusa mikono. Akampokea jogoo, na kabla hajamfungua miguu akamkabidhi binti yake. "Mfundishe wewe," alisema. "Ni yako."

Hivyo tu. Kile nilichokihangaikia kwa ukurasa mmoja na nusu kilipita kutoka mama kwenda kwa binti uani, mbele ya shahidi na jogoo. Binamu yangu alisimama kidogo na yule jogoo kifuani, macho yamelowa. Kisha akamwonyesha mgeni kigoda. Alipotaka kuanza akageuka.

"Kaka, nenda kakae kule kwenye zizi. Wewe hujanunua."

"Mimi ndiye niliyeichapa!"

"Ndiyo," alisema.

Nilikaa kule kwenye zizi, mimi mwenye stashahada, nikisikia sauti yake kwa mbali bila maneno. Nilikuwa na haja ya kukasirika na sikuweza. Nilisikia jinsi alivyokuwa anaeleza: taratibu, anarudia, anamwuliza mtu maswali. Mwalimu wetu wa jioni hakuwahi kutufundisha hivyo hata umeme ukiwepo.

Walikuja wengine. Si wote, wala hata nusu. Wapo waliopika kwa karatasi zao kimyakimya, na ng'ombe wao walipona sawasawa na wengine. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua wasomaji wa mjini wanangoja nidai vinginevyo. Lakini hao waliipika kwa ng'ombe wao tu. Hakuna aliyeweza kumpikia jirani, kwa sababu jirani aliuliza swali moja.

Swali hilo ndilo lililomleta mwenye duka kwenye benchi la kahawa, akakaa karibu yangu kuliko kawaida.

"Mwanasheria, chupa hazitoki."

"Hazifanyi kazi?"

"Zinafanya. Lakini mtu anashika, ananusa, anasema ndiyo yenyewe, halafu anauliza, nani alikuuzia? Nikimwambia ilibandikwa na serikali, anacheka. Jana mmoja kaniambia, hata mimi nimesoma Katiba, mbona si rais?" Alicheka mwenyewe, kidogo, kisha akaacha. "Niandikie barua. Uliibandika wewe, una saini yako pale. Andika kwamba ni halali yangu. Si ni halali?"

Ilikuwa halali. Wakili wa Mwanza alikuwa amesema hivyo, na daftari langu lingesema hivyo kama lisingekuwa gizani. Ningechapa barua ile kwa dakika kumi, na watu wangeiamini, maana waliiamini saini yangu. Mwenye duka angejaza mapipa, na binamu yangu angebaki na majogoo machache hadi watu wasahau.

"Sheria haikukatazi," nilimwambia. "Lakini siwezi kuandika kwamba ulipewa. Hukupewa. Nenda kwa mwenyewe."

Akapuliza kahawa yake. "Marehemu baba yangu," alisema, "alikuwa hauzi hata kiberiti asichonunua. Angenisikia leo angenichapa." Akaweka kikombe chini. "Twende wote. Peke yangu naona aibu."

Nilipita kwanza mnadani nikanunua beberu. Mwenye duka aliniuliza wa nini. Nikamwambia ni mambo ya ofisi. Tulifika uani, yeye na zawadi yake ya sukari na kitenge, mimi namvuta beberu asiyetaka kwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenye dawa ni yule pale," sengi akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Binamu yangu alituketisha. Mwenye duka alieleza shida yake bila kuzungusha, na akaongeza kwa upole, "Lakini dada, kuijua naijua tayari."

"Unaijua. Huna."

"Ndiyo sababu nimekuja."

Mwenye duka akaahidi kulipa mtamba, lakini binamu yangu hakumtaka. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kuliko mimi. Alisema dawa ya chupa ataipika yeye, hapahapa, na si mwingine. Mwenye duka alete chupa, azijaze hapa, akauze mjini na Lamadi na popote apendapo, na kila chupa iliyotoka imlipe aliyepika. Mapipa auze kwa watu wa gongo. Mtu akiuliza nani kakuuzia, ajibu bila kumung'unya. Na siku mama huyu na yeye wakiwa hawapo, atakayemrithi yeye ndiye atakayesema.

Mwenye duka alichora mistari ardhini kwa kidole. Nikajua anapiga hesabu ya wanaocheka dukani kwake. "Haya," akasema. "Na mwanasheria aandike."

Nikatoa karatasi na kalamu. Binamu yangu akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Bado wewe."

"Beberu yule pale," nikasema.

Alisimama akamkagua meno, akamshika mgongo, kama hajui kwamba nilichagua bora kuliko wote mnadani. Kisha akamtuma mwenye duka akakae kule kwenye zizi, akanikalisha kwenye kigoda na kunifundisha dawa ya kupe tangu jani la kwanza, kana kwamba sijawahi kuisikia. Sikuandika. Sengi alikuwa anamenya viazi na midomo yake ilikuwa inafuata maneno ya binti yake moja baada ya jingine. Mara moja tu alimsahihisha. Ndiyo maana msomaji hatapata hapa hata jina la mzizi mmoja. Nimenunua haki ya kuipika na ya kumuuzia mtu. Sikununua ya kuibandika.

Mwenye duka alipoitwa arudi niliandika mkataba juu ya goti. Nilipofika mahali pa kueleza kitu kinachouzwa nikasimama, maana nilifundishwa kwamba mkataba usioeleza bidhaa ni batili.

"Hapa lazima niseme ni dawa gani," nikawaambia. "Ina nini ndani."

Binamu yangu akamtazama mwenye duka, mwenye duka akamtazama binamu yangu.

"Unaijua?" akamwuliza.

"Naijua."

"Na mimi naijua. Na huyu sasa anaijua." Akanigeukia. "Andika: ile."

Nikaandika ile. Wakatia saini wote wawili, sengi akaweka dole gumba la shahidi, lenye wanga wa viazi. Mkataba huo ulidumu miaka na miaka bila kesi. Kwa chupa hizo binamu yangu alisomesha watoto wake na kuezeka nyumba ya mama yake kwa bati. Nimechapa hati nyingi katika mkoa huu, nyingine za kurasa arobaini. Hakuna niliyoandika vizuri kuliko hiyo, na sijaona bado makala ya msomi yeyote iliyoikaribia.